Uliondoka na begi moja, cherehani ni ya nani?

JUMANNE moja asubuhi, kwenye kituo cha magari cha Mugina, upande wetu wa mpaka wa Burundi na Tanzania, dada mmoja muuza mawese alinivuta pembeni. Tunafahamiana kwa sababu mwanawe nilimfundisha Kiswahili darasa la tano.

"Mwalimu, yule bwana wa Manyovu tumeachana," aliniambia. "Nilitoka usiku na begi moja na mtoto mgongoni. Mizani yangu iko kwake, magunia manne ya maharage yako kwake, na godoro pia. Nikipiga simu ananiambia: wewe si uliondoka mwenyewe? Basi umeviacha. Je, ni kweli nimeviacha?"

Nilicheka kidogo, naye akaudhika. Sikuwa namcheka yeye. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi miaka mingi iliyopita, na wakati ule niliyaamini.

Mimi nilizaliwa makazi ya Ulyankulu, Tabora, ambako wazazi wangu walikimbilia mwaka 1972. Huko nilisoma shule ya msingi na sekondari kwa mitaala ya Tanzania. Kwa mshahara wangu wa kwanza wa ualimu wa kujitolea, ambao ulikuwa mdogo wa kuchekesha, nilianza kuweka akiba mpaka nikanunua cherehani ya miguu. Jioni nilishona sare za shule. Mwaka 2005 nikaanza kuishi na mwanamume mmoja wa hapo hapo makazini. Hatukufunga ndoa. Mahari ilizungumzwa, ikaahirishwa, ikasahaulika. Majirani waliniita mke wake na mama yake aliniita mkwe.

Mwaka 2009 misafara ya kurejea Burundi ikaendelea. Wazazi wangu walijiandikisha, nami nikajiandikisha nao. Yeye alisema habanduki, kwamba uraia wa Tanzania uko njiani. Kwa hilo hakukosea, maana mwaka 2010 Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapa uraia wakimbizi wa 1972 waliobaki, zaidi ya watu 160,000. Lakini sisi wawili tulikuwa tumekwisha kugombana. Siku ya safari alifunga mlango kwa kufuli na kwenda shamba. Nikapanda gari na begi la nguo na daftari zangu.

Nilikaa Nyanza-Lac miaka miwili nikisema moyoni kwamba cherehani imekwenda. Watu wazima walinithibitishia hivyo. Mmoja aliniambia mwanamke anayetoka hatoki na kitanda. Hiyo ni desturi ya mdomoni tu. Sijaona sheria inayosema hivyo, si huku wala kule.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, ambayo ndiyo inayowagusa wanaoishi upande ule, inasema mambo yanayoeleweka hata kwa mtu wa sokoni. Kwanza, ndoa haibadilishi mwenye mali. Kilichokuwa chako kabla hamjakutana kinabaki chako, awe ni mume au ni mke. Pili, mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakiwatambua kama mke na mume, mahakama huanza kwa kuwachukulia kuwa ni wanandoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hapo ndipo mali mliyochuma pamoja inapoweza kugawanywa.

Wengi hupenda kusikia hiyo miaka miwili na kuacha maneno yanayofuata. "Mpaka ithibitishwe vinginevyo" ni mlango mpana. Bwana akionyesha kwamba tayari ana mke wa ndoa ya mke mmoja, dhana hiyo huanguka. Wafanyabiashara wenzangu wa mpakani, mnajua ninachosema. Hata hivyo, mwanamke wa namna hiyo bado anaweza kuiomba mahakama matunzo yake na ya watoto.

Na anayesema "hukuleta hata shilingi hapa ndani" ajibiwe kwa kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kupata mali. Bi Hawa mwenyewe hakunufaika. Mahakama iliona alikwisha kupewa fedha za mtaji na akazitumia vibaya, na rufaa yake ikashindwa. Nawatajia mwisho huo kwa sababu watu wengi husimulia kesi ile nusu.

Zawadi nazo huleta ugomvi. Sheria hiyo inaruhusu kudai zawadi iliyotolewa kwa kutazamia ndoa ambayo haikufungwa, iwapo mtoaji aliitoa kwa sharti kwamba ndoa itafungwa. Kitenge cha sikukuu hakimo humo.

Ukivuka kuja huku kwetu mambo yanageuka. Kwa Sheria ya Watu na Familia ya Burundi ya mwaka 1993, ndoa inayotambuliwa ni ile iliyofungwa mbele ya afisa wa serikali. Ndiyo maana mwaka 2017 serikali iliwataka wote wanaoishi pamoja bila ndoa wahalalishe kabla ya Desemba 31. Kwa hiyo watu wale wale wawili, waliokaa miaka sita chumba kimoja, Manyovu wanaweza kuhesabiwa mke na mume, na Mabanda wakawa watu baki, kila mmoja akitakiwa kuonyesha kipi ni chake. Mali ikiwa Manyovu, usiihangaikie Mabanda.

Mwaka 2011 nilirudi Ulyankulu na kaka yangu. Hatukuvunja kufuli. Kaka alitaka, nikamzuia, maana tungevunja sisi ndio tungelala mahabusu. Tulikwenda kwa wazee wa mtaa na kuomba mkutano.

Bwana alikuwa ameikodisha cherehani yangu kwa fundi wa sokoni na kula kodi. Alikana kwamba ni yangu. Nikafungua daftari la maandalio ya masomo la 2003. Ukurasa wa mwisho niliandika siku niliyoinunua, bei, na namba iliyogongwa kwenye chuma. Mzee mmoja akatumwa sokoni kuisoma. Aliporudi aliitamka namba polepole, tarakimu moja moja, na mimi nikifuata kwa kidole.

"Shemeji, hii mpe mwenyewe," alimwambia yule bwana.

Redio aliyoninunulia niliiomba nikapewa. Kitanda na viti tulivichuma pamoja. Wazee wakasema vibaki kwake anilipe nusu. Alilipa mara moja, kidogo, halafu simu yake ikawa haipatikani. Ningeweza kwenda Mahakama ya Mwanzo, ambako mambo husikilizwa kwa Kiswahili na mtu hujieleza mwenyewe. Sikwenda. Nauli ya Tabora ilikuwa kubwa kuliko viti vile, na mpaka leo sijui kama nilifanya busara au nilichoka tu.

Haya yote nilimweleza dada wa mawese pale kituoni, kwa ufupi kuliko hapa. Nikamuuliza ana nini mkononi. Akasema hana risiti. Nikamuuliza mizani alilipia vipi. Akatoa simu, akatafuta, na ujumbe wa malipo ukawepo, wenye tarehe na jina la muuzaji wa Kasulu. Maharage yalishuhudiwa na wapagazi wawili. Godoro halina ushahidi wowote zaidi ya usingizi wake.

Tulikaa kwenye benchi la muuza chai tukaandika orodha, kitu kwa kitu, na barua fupi yenye tarehe ya kumtaka bwana avitoe. Nilimshauri ampelekee mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, asiende peke yake wala usiku, na wasipoelewana aanzie Baraza la Usuluhishi la Ndoa la kata. Nilimwonya pia asikawie. Madai yana ukomo wa muda, na maharage yana wadudu.

"Na godoro, mwalimu?"

"Liandike," nilimwambia. "Huenda akalikubali mwenyewe."

Akaliandika la mwisho, akakunja karatasi, akaenda kupanga foleni ya uhamiaji.