Shimo la Bamburi: Kampuni Ikichimba, Nani Atatengeneza?



Vikundi vingi vilivyo karibu na kiwanda, machimbo au shamba kubwa vina swali moja: je, tuiombe kampuni nini? Mara nyingi jibu limeshatayarishwa kabla hata mkutano haujaketi. Mabati ya darasa, madawati, tangi la maji, jezi za timu ya vijana. Siku ya kupokea kunawekwa hema na viti vya plastiki, kina mama wanaimba, na meneja anapigwa picha akishikana mkono na mwalimu mkuu. Si vibaya. Mabati ni mabati, na mtoto asiyenyeshewa darasani hana haja ya kujua nani aliyanunua. Lakini safari hii twataka mfikirie jambo linalotangulia mabati.

Jambo lenyewe huitwa wajibu wa kampuni kwa jamii. Angalieni neno: wajibu, si zawadi. Kampuni ikiingia mahali huleta kazi, kodi na soko, hilo hatukatai. Huchukua pia. Huchukua mawe, maji, ardhi, na wakati mwingine hewa safi. Wajibu wake wa kwanza ni kutengeneza kile ilichoharibu kwa mkono wake yenyewe. Mnamkumbuka Zakayo, nasema yule wa Injili ya Luka. Alitenganisha mambo mawili: nusu ya mali yake iende kwa maskini, na wale aliowadhulumu warudishiwe mara nne. Hakusema ati kwa kuwa ametoa sadaka, basi deni limekwisha. Kampuni nyingi hupenda fungu lile la kwanza kwa sababu lina picha nzuri, na la pili hunyamaziwa.

Mfano wa fungu la pili tunao hapa hapa kwetu Kenya, na unafaa kujulikana na kila kikundi, hata kile kilicho mbali na Pwani.

Kampuni ya saruji ya Bamburi, kaskazini ya mji wa Mombasa, ilianzishwa na Felix Mandl mwaka wa 1951, na kiwanda kikaanza kutoa saruji mwaka wa 1954. Saruji hutokana na mawe ya chokaa. Kule Pwani mawe hayo ni matumbawe ya zamani, yaani viumbe vya bahari vilivyokufa na kugeuka jiwe wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Mawe hupasuliwa, husagwa na kuchanganywa na udongo, kisha huchomwa ndani ya tanuri kwenye joto la karibu digrii 1,450. Ili kupata tani moja ya yale mawe yaliyochomwa, ambayo husagwa tena yakawa saruji, unahitaji kama tani moja na nusu ya mawe ya chokaa. Sasa pigeni hesabu ya kiwanda kikubwa kinachofanya kazi mwaka baada ya mwaka. Nyumba zetu, madaraja na makanisa yetu yalitoka katika mashimo. Tusijifanye hatuhusiki.

Baada ya miaka kama kumi na saba ya kuchimba, palikuwa pamebaki jangwa jeupe. Udongo wa juu haukuwapo tena. Jua lilipiga jiwe na jiwe likarudisha joto. Maji ya chini yalikuwa karibu, lakini yana chumvichumvi. Mahali pa namna hiyo ukitupa mbegu ni sawa na kuitupa juu ya barabara ya lami.

Kampuni ilikuwa na mfanyakazi Mswisi, Bwana René Haller, mtaalamu wa bustani na kilimo. Mwaka wa 1971 akaanza kazi ya kulifufua shimo. Alijaribu aina 26 za miti. Baada ya miezi sita ni aina tatu tu zilizokuwa hai: mnazi, mti mmoja wa asili ya Somalia, na mvinje. Mvinje ndio uliofanya kazi kubwa, kwa sababu huvumilia chumvi, na kwenye mizizi yake huishi vijidudu vinavyoupa chakula kutoka hewani, kama vile maharagwe yanavyofanya shambani mwenu. Vijidudu hivyo havikuwapo katika jiwe tupu, kwa hivyo udongo kutoka chini ya mivinje mikubwa ulichukuliwa ukapelekwa kwa miche.

Miti ikakua. Kisha likaja tatizo jingine. Majani ya mvinje ni membamba kama sindano na ni magumu. Yalianguka, yakarundikana, na hayakuoza. Bila kuoza hakuna udongo, na bila udongo hakuna mti mwingine utakaoota. Aliyetatua jambo hili ni jongoo. Ndiyo, jongoo, yule mkubwa mweusi mwenye miguu myekundu ambaye sisi tukimwona sebuleni tunamtoa kwa ufagio. Iligunduliwa kwamba jongoo hula majani yale makavu, na kinyesi chake huoza upesi kikawa mbolea. Basi majongoo wakaletwa kwa wingi. Polepole udongo mweusi ukatokea juu ya jiwe, na aina nyingine za miti zikaweza kupandwa, zikafuatwa na ndege na wanyama. Pakachimbwa mabwawa, pakafugwa ngege na mamba. Mwaka wa 1984 wananchi wakafunguliwa njia ya kutembelea, na mwaka wa 1987 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira likaitambua kazi ya Bwana Haller kwa kumweka katika orodha yake ya heshima ya Global 500.

Wengi mnaijua bustani hiyo, Haller Park, kwa sababu ya Owen, yule kiboko mchanga aliyeokolewa pwani ya Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akafanya urafiki na kobe mzee. Hadithi tamu sana na watoto waipenda. Kwa mambo yetu ya leo, hata hivyo, jongoo ana faida kuliko kiboko.

Kwa nini kazi ilifaulu? Sababu moja ni kwamba haikungoja kampuni imalize kuchimba. Upande mmoja mashine zilikuwa zinakata mawe, na upande mwingine miche ilikuwa inapandwa. Halafu haikuwa kazi ya siku moja. Tumeona sote sherehe za kupanda miti: mgeni wa heshima anachimba kwa jembe lililofungwa utepe, anamwagia mche maji, anaondoka, na wiki ya pili mbuzi wamemaliza. Bamburi kulikuwa na watu walioajiriwa kwa kazi hiyo tu, miaka na miaka. Na kazi ikaanza kujilipa: samaki wakauzwa, miti ikauzwa, wageni wakalipa kiingilio. Kampuni ikiwaambia kwamba kutengeneza shimo ni hasara tupu, itajieni Bamburi.

Wacha tuseme ukweli wote, lakini. Msitu mzuri haufuti kila kitu. Kiwanda chochote cha saruji kina suala la vumbi na moshi, na gesi inayotoka katika jiwe lenyewe likichomwa huchangia joto la dunia. Mivinje haiwezi kuimeza yote. Na kuna suala la majirani. Mwaka wa 2024 wakazi kadhaa wa Kwale walikwenda kortini wakidai kwamba walitendewa ukatili na walinda usalama kwenye ardhi ya kampuni hiyo hiyo. Hayo ni madai, na mahali pa kuyapima ni korti, si jarida letu. Twayataja ili msidhani kwamba kampuni yenye bustani haiulizwi swali.

Kuna jambo jingine ambalo vikundi vingi hulisahau. Bamburi ilianza na wenye mtaji wa Uswisi. Mwaka wa 1989 Lafarge ya Ufaransa ikainunua kampuni mama. Mwaka wa 2015 Lafarge ikaungana na Holcim. Mwezi wa Desemba 2024 Bamburi ikachukuliwa na Amsons, kampuni ya Tanzania. Kwa miaka hiyo yote shimo lilikuwa pale pale. Kwa hivyo meneja mwema aliyewaahidi kisima akiwa amesimama kando ya gari lake, mkamshangilia, anaweza kuhamishwa kabla ya mvua za masika. Atakayekuja atawauliza: iko wapi barua? Ahadi ya mdomo humfuata aliyeisema. Iliyoandikwa, ikatiwa sahihi na muhuri wa kampuni, hubaki na kampuni hata mwenyewe akibadilika.

Na siku hizi hamwendi mkiwa mikono mitupu. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2016, anayeomba leseni ya kuchimba madini anatakiwa kuweka dhamana ya pesa kwa ajili ya kutengeneza mazingira. Ushuru wa madini unaolipwa serikalini unapaswa kugawanywa hivi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya pale panapochimbwa. Tena wachimbaji wakubwa wanatakiwa kuandikiana mkataba wa maendeleo na jamii, na kutumia kwa ajili yake angalau asilimia moja ya mapato yao ya mwaka. Huo mkataba una kamati, na katika kamati huketi watu wa kijiji. Hapo ndipo kina mama na vijana wasikubali kuachwa nje, wala kuambiwa kwamba mzee wa kijiji atawasemea wote.

Kwa viwanda visivyo vya madini ipo sheria ya mazingira ya mwaka 1999. Kabla ya mradi mkubwa kuanza lazima madhara yake yachunguzwe, na wananchi waulizwe maoni. Mradi ukishaanza, hukaguliwa mara kwa mara na ripoti hupelekwa NEMA, ile mamlaka ya mazingira. Ripoti hizo si siri. Kikundi kinaweza kuandika barua na kuomba kuzisoma. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 70, inasema mtu anaweza kwenda kortini kutetea mazingira safi hata kama hajathibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Huna haja ya kungoja ng'ombe wako afe.

Basi mkiandika barua kwa kampuni, msianze na mabati. Anzeni na kile kinachowaumiza: ni shimo lipi, liko wapi, lina maji yaliyotuama au la, watoto hupita hapo kwenda shule au la, vumbi huja miezi gani, maji ya mto yalibadilika rangi lini. Andikeni tarehe. Ulizeni mpango wa kampuni wa kutengeneza ni upi, unaanza lini, na nani anausimamia. Nakala moja ipelekwe ofisi ya NEMA ya kaunti, nyingine kwa chifu, nyingine ibaki katika faili ya kikundi, na anayepokea atie sahihi kwamba amepokea. Mkishajibiwa, mabati yatazungumzwa kwa moyo mweupe, na mtayapokea kama zawadi kweli, si kama pesa ya kufunga mdomo.

Na sisi wenyewe je? Kutoka Kilifi mpaka Juja kuna machimbo madogo ya mawe ya kujengea, na mengine ni ya vikundi au ya wanachama wetu. Tunakata mawe, tunauza, tunahamia pembeni. Shimo linabaki na maji ya mvua, na mbu, na hatari ya mtoto kuzama. Hatuwezi kumdai jirani mkubwa kile tunachokwepa wenyewe.

Kazi si ngumu ikianzwa mapema. Udongo wa juu msiutupe. Urundikeni kando kabla ya kugusa jiwe. Chimbeni kutoka upande mmoja, na sehemu iliyokwisha irudishiwe udongo wake huku mkiendelea upande wa pili. Ukingo mrefu ukatwe uwe mteremko, ili aliyeanguka aweze kupanda. Penye maji yasiyokauka wekeni ngege, watakula viluwiluwi vya mbu na nyinyi mtakula ngege. Pwani, pandeni mivinje, na kila mche upewe konzi moja ya udongo kutoka chini ya mvinje mzee. Miti ya kujengea hupatikana kwa kiasi cha miaka minne au mitano, na soko lake lipo. Bara mti huo haufai kila mahali, kwa hivyo ulizeni kwanza kwa watu wa misitu walio karibu nanyi kabla ya kununua miche.