Kichapo cha Agosti, kombe la Desemba

Kila msimu unapoanza, Kitengela hupata mahakimu wengi kuliko mahakama zote za Kaunti ya Kajiado. Timu ikilimwa mechi ya kwanza, hukumu hutoka kabla matatu ya Nairobi haijafika Athi River: mkufunzi hajui kazi, kipa ni wa kuokoteza, straika mpya ni hasara tupu. Timu za vyuo ndizo huonewa zaidi. Kila mwaka nguzo kadhaa za kikosi huondoka na mahafali, wanaingia limbukeni ambao hata njia ya bwenini hawajaizoea, na wiki chache baadaye wanatakiwa kucheza kama watoto wa nyumba moja. Iwe ni Africa Nazarene kule Ongata Rongai au Maasai Technical mjini Kajiado, shida ni ileile.

Kuna mechi ya vyuo vya Marekani inayofaa kukumbushwa kwa mahakimu hao. Ina Mkenya ndani yake, na sehemu iliyobaki ya msimu iliwaumbua waliotoa hukumu mapema.

Mkenya huyo ni Rees Odhiambo. Alizaliwa hapa nchini, akahamia Texas akiwa mtoto, na mwaka 2014 alikuwa mmoja wa wazito wa Boise State, chuo cha jimbo la Idaho ambacho nyasi za uwanja wake ni za buluu. Mchezo wenyewe si soka yetu, ni futiboli ya Kimarekani, ya kofia ngumu na mabega ya kuvaliwa. Anayeijua raga hatapata taabu. Ukifika na mpira mwisho wa uwanja unapewa pointi 6, na teke la ziada huleta moja. Tofauti kubwa ni kwamba mpira huruhusiwa kurushwa mbele, na mrushaji mkuu ni kwotabeki. Mpinzani akiudaka hewani, umeporwa. Kazi ya Odhiambo ilikuwa kusimama mbele ya kwotabeki wake na kuwazuia majitu wasimwangukie. Ni kazi ya shukrani ya punda, kwani jina lako hutajwa siku uliyokosea.

Agosti 28, 2014, Boise State ilifungua msimu dhidi ya Chuo Kikuu cha Mississippi, ambacho mashabiki hukiita Ole Miss, katika ukumbi wa Georgia Dome jijini Atlanta. Kule ilikuwa Alhamisi usiku. Huku Kitengela ilikuwa imelala, Ijumaa ikikaribia kupambazuka. Ole Miss ilikuwa ya 18 katika orodha ya timu bora nchini. Boise haikuwemo orodhani, na kocha wake Bryan Harsin alikuwa akiiongoza kwa mara ya kwanza baada ya mtangulizi wake, Chris Petersen, kuhamia chuo cha Washington. Matokeo: Ole Miss 35, Boise State 13.

Ukisoma hapo tu, utasema Boise ilifunikwa. Lakini mchezo huu huchezwa kwa robo nne, na baada ya robo tatu Ole Miss ilikuwa mbele 7-6. Pointi moja! Kisha katika robo ya mwisho ikamwaga 28. Kwa hiyo, kwa muda mrefu wa mchezo timu hizi zilikuwa zikilingana, halafu moja ikakatika pumzi. Hilo ni gonjwa la kila timu mwanzoni mwa msimu, na dawa yake ni mazoezi. Halihitaji kocha mpya.

Jambo la pili halikuwa la pumzi. Grant Hedrick, kwotabeki wa Boise, aliporwa pasi nne. Hizo ni mara nne timu inanyang'anywa mpira kwa uamuzi wa mtu mmoja. Ni kasoro mbaya, ila ina faida kwamba kila mtu aliiona, kocha akiwa wa kwanza.

Sasa tazama upande wa washindi, ambako uchambuzi mwingi huzembea. Ngome ya Ole Miss ilikuwa ya kweli, wala siibishii. Lakini Bo Wallace, kwotabeki wao, pamoja na pasi zake nne zilizozaa pointi, aliporwa tatu. Nne kwa tatu! Kwa maoni yangu tofauti ya wawili hawa usiku ule ilikuwa ndogo kuliko tofauti ya pointi 22 ubaoni. Ila mmoja alitoka akibebwa juujuu na mwenzake akizomewa. Ushindi ulikuwa umeifunika kasoro ya Wallace.

Ole Miss iliendelea kutamba. Oktoba 4 iliangusha Alabama 23-17, ikashinda mechi saba mfululizo, ikapanda hadi nafasi ya 3 nchini. Oktoba 25 ikazuru LSU. Ikiwa nyuma 10-7, sekunde za mwisho kabisa, Wallace akarusha mpira karibu na mstari wa wapinzani. Ukaporwa. Wiki iliyofuata Auburn ikawashinda 35-31, na nyota wa Ole Miss, Laquon Treadwell, akavunjika mguu akiwa hatua moja tu kutoka kwenye pointi za ushindi. Hapo palikuwa na mkosi, nakubali. Lakini Desemba 31, katika ukumbi uleule wa Georgia Dome, Texas Christian iliwanyuka 42-3, na Wallace akaporwa tena mara tatu.

Siku hiyohiyo, kule Arizona, Boise State ilikuwa ikicheza mechi ya kuwania kombe la Fiesta Bowl. Njiani ilikuwa imejikwaa mara moja zaidi, ilipochapwa 28-14 na Air Force mwezi Septemba, mipira ikiwapotea ovyo tena. Baada ya hapo haikupoteza hata moja. Hedrick, ambaye Agosti wengi wangempeleka benchi, aliongoza ushindi wa 38-30 dhidi ya Arizona. Jay Ajayi, mzaliwa wa London mwenye asili ya Nigeria, alimaliza msimu akiwa mchezaji wa kwanza katika ngazi ile kukimbia na mpira zaidi ya yadi 1,800 na kudaka pasi za zaidi ya yadi 500. Yadi hizo za kukimbia hazipatikani bila wazito wa kufungua njia. Odhiambo naye mwaka 2016 alichaguliwa na Seattle Seahawks katika raundi ya tatu, akaingia ligi ya kulipwa ya NFL.

Je, Ole Miss haikustahili ushindi wa Agosti? Ilistahili, tena wazi. Waliokosea ni waliochukua jibu la usiku mmoja wakaligeuza kuwa hukumu ya mwaka mzima.

Nawaomba basi wakufunzi wa vyuo vya kaunti hii: mechi ya kwanza ikiisha, kaeni na kalamu kabla hamjagusa kikosi. Andikeni mpira ulipotea mara ngapi, miguuni mwa nani, na dakika gani miguu ilianza kuwa mizito. Fanyeni hivyo hata mkishinda, na hasa mkishinda. Nawe shabiki unayerudi Kitengela kutoka uwanja wa Ildamat huku umenuna kwa kufungwa 4-0, kabla ya kudai mkufunzi atimuliwe, jiulize matokeo yalikuwa yapi kufikia dakika ya 60. Kama yalikuwa 0-0, mwache mtu afanye kazi yake.