Waefeso 5 Haianzii Mstari wa 22

Makanisa mengi hupenda somo la Waefeso sura ya 5 siku ya kufunga ndoa, na Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, somo hilo lina uzito wa pekee. Mara nyingi msomaji huanzia mstari wa 22, pale wake wanapoagizwa kuwatii waume zao. Mstari wa 21, unaowataka waamini wote wanyenyekeane, huachwa. Maagizo kwa mke yanachukua mistari mitatu tu. Kuanzia wa 25 hadi wa 33, karibu maneno yote ni ya mume, na kipimo anachopewa ni Kristo aliyekufa kwa ajili ya kanisa.

Huku Usukumani neno "kichwa", ambalo mstari wa 23 unamwita mume, linasikiwa na watu waliokwisha kuswaga ng'ombe wa mahari kuwapeleka kwa wakwe. Mahari ni heshima kati ya koo mbili, na sioni sababu ya kuyapiga vita. Shida huja pale mume anapowahesabu ng'ombe wale kuwa bei, kisha akaishika Biblia kama risiti. Paulo hazungumzi hivyo. Agizo la utii analitoa kwa mke mwenyewe, halikabidhi kwa mume alisimamie. Hakuna popote katika sura hiyo mume anapoambiwa amlazimishe mkewe atii, sembuse ampige. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo, kifungu cha 66, inakataa mwanandoa kumwadhibu mwenzake kwa kipigo.

Suala la wanawake kuhubiri mimbarini na kuwa wachungaji ni jingine, ingawa watu hulichanganya na hili. Wanaowazuia wanawake hutegemea 1 Timotheo 2. Wanaowaruhusu hutaja Prisila aliyemfundisha Apolo pamoja na mumewe Akila, Fibi mhudumu wa kanisa la Kenkrea, na wanawake wa Korintho waliosali na kutoa unabii mbele ya kusanyiko. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) liliamua mwaka 1990 kuwabariki wanawake kuwa wachungaji. Papa Yohane Paulo II alisema mwaka 1994 kwamba Kanisa Katoliki halina mamlaka ya kuwapa upadri. Wasabato, mwaka 2015, walikataa kwa kura 1,381 dhidi ya 977 kila divisheni ya kanisa lao ijiamulie kuhusu kuwawekea wanawake mikono ya uchungaji. Waanglikana wa Kenya walimweka wakfu Emily Onyango kuwa askofu msaidizi wa Bondo mwaka 2021.

Binafsi naona hoja ya Prisila na Fibi ina nguvu zaidi, lakini nakubali kwamba Wakristo wanaoyaheshimu Maandiko wanaweza kutofautiana hapo. Kuhusu kipigo na kumnyima mke sauti juu ya shamba analolima mwenyewe, hakuna dhehebu lenye andiko la kujitetea.

Basi wachungaji, mapadri na makatekista wa Itilima, ndoa ijayo anzeni kusoma mstari wa 21. Na katika mafundisho ya ndoa, mwambieni bwana harusi mapema, mbele ya wazee waliopokea ng'ombe, kwamba mke hapigwi.