Mnato, Unyumbufu na Ukakamavu: Maneno ya Kuelezea Vipimo vya Sumaku katika Mwili Hai

Neno "ugumu" limebebeshwa mizigo mingi. Jiwe ni gumu, ugali ni mgumu, na swali nalo ni gumu. Katika mazungumzo hapana dhara. Lakini yako majaribio ya sayansi ambayo maana yake hupotea tukilitegemea neno hilo peke yake. Mfano mmoja watosha.

Mwaka 1950 Francis Crick na Arthur Hughes, wa Cambridge, Uingereza, walieleza jaribio walilofanya juu ya seli za kiinitete cha kuku zilizokuzwa katika maabara. Seli zilimeza chembe ndogo za sumaku. Kisha chembe hizo zikazungushwa na kuvutwa kwa sumaku iliyo nje, huku zikitazamwa kwa darubini. Swali lilikuwa: nguvu ikiondolewa, chembe itafanya nini? Ikiwa imo katika kitu mfano wa asali, itabaki ilipofika; huo ni mnato. Ikiwa imo katika kitu mfano wa mpira, itarudi ilikotoka. Huo ni unyumbufu. Yaliyoonekana ni yote mawili: chembe ilirudi, lakini si njia nzima.

Mwaka 1993, huko Marekani, Ning Wang, James Butler na Donald Ingber walibandika shanga ndogo mno za sumaku juu ya ngozi ya seli, wakazisokota. Kadiri nguvu ilivyozidi, ndivyo seli ilivyozidi kukakamaa. Hapa twahitaji neno la tatu, ukakamavu. Na mwaka 2018 matone ya mafuta yenye sumaku, yaliyotiwa katika kiinitete cha samaki mdogo mwenye milia, yalionyesha kwamba tishu ya ncha ya mkia hutiririka, na ile iliyo mbele yake imeshikana. Ndivyo mwili unavyorefuka.

Maneno haya matatu yana vitenzi vyake vya kila siku, lakini hayatoshi bila kufafanuliwa. Kunata ni kugandamana na kitu, wala si kutiririka polepole. Kunyumbuka ni kupindika au kuvutika bila kukatika. Maana ya kurudi haimo katika shina, nasi wanasarufi tumekwisha kulitumia shina hilo kwa mnyumbuliko wa vitenzi. Kwa hiyo mfasiri hana budi kueleza kila neno mara ya kwanza alitumiapo. Akiandika "ugumu" mahali pa yote matatu, msomaji hatajua kama kitu hai kilitiririka, kilirudi, au kilikaza.