Divai ya milima ya Italia na gunia letu la kasiterite

Ninyi mulio kwenye mashimo, leo tunataka kuzungumza juu ya divai. Musicheke. Tunajua mwenye kurudi kutoka Kailo ao Kalima na vumbi mwilini anaomba kwanza maji, kisha Primus ya baridi kama mfuko unaruhusu. Kama hauruhusu, kuna pombe ya ngazi, na kuna lotoko, ambayo imeshatuharibia vijana wengi. Divai nyekundu ni kitu cha misa na cha ndoa za wakubwa. Lakini chupa moja tu imetusaidia kuelewa shauri ambalo linatusumbua tangu mwaka jana.

Chupa hiyo tuliiona hapa Kindu, kwenye ndoa ya mtoto wa mwenzetu. Mgeni mmoja aliileta. Kwenye karatasi yake waliandika Trentino, na chini yake Rosso. Mgeni akatueleza kwamba rosso maana yake ni nyekundu, na kwamba divai ile haitoki kwa zabibu ya aina moja: wanachanganya aina mbili, tatu, mpaka wapate utamu wanaoutaka. Mzee mmoja wa kwetu, aliyefanya kazi SOMINKI mpaka ilipokufa, akaweka bilauri chini. "Kumbe ni ya kuchanganya! Basi na Wazungu wanatuibia paka vile." Meza nzima ikacheka.

Sisi wa sindikati hatukucheka sana. Katika kazi yetu "kuchanganya" ni neno baya. Mwaka jana shimo lilianguka na mwenzetu mmoja akabaki ndani. Aliacha mke na watoto wane. Juma lile, mbele ya kufa, alikuwa amekwisha kutoa kasiterite yake, ikaoshwa, ikaingia katika magunia pamoja na ya wenzake. Tulipomsindikiza mama kudai haki ya bwana yake, meneja wa shimo alijibu: "Mama, pole sana, lakini minerai imechanganywa. Nani atajua zake ni kilo ngapi?" Tukaenda kwa negosian. Naye akajibu neno lile lile, imechanganywa, na akaongeza kwamba magunia yalikuwa na mchanga mingi. Tukarudi mikono mitupu. Mama alituuliza njiani kama mtu anaweza kuchanganywa mpaka apotee. Hatukuwa na jibu.

Ndiyo maana baada ya ile ndoa tulitafuta kujua hao watu wa Trentino wanafanya namna gani. Trentino iko kaskazini ya Italia, katika milima ya Alpi, na mji wake mkubwa ni Trento, kando ya mto Adige. Mabonde ni membamba, udongo ni wa kugombania. Wakulima wengi wa zabibu wako na kipande kidogo, mara nyingi hakifiki hata hekta mbili. Mtu kama huyo hawezi kununua mashine, mapipa na chupa yeye peke yake. Zabibu zake, apende asipende, zitachanganywa na za jirani.

Tena, na hapo wachimbaji musikilize vizuri, ni inchi ya mashimo tangu zamani. Juu ya Trento kuna mlima Calisio, ambako watu walichimba feza. Mwaka 1185 askofu wa Trento, ambaye ndiye alikuwa mtawala, aliandikiana mapatano na wachimbaji, na nyuma yake sheria za mashimo zikakusanywa katika kitabu kimoja. Ni kati ya sheria za mines za zamani kabisa katika Ulaya. Feza iliisha. Zabibu ilibaki, na umaskini pia. Katika karne ya 19 magonjwa yalishambulia mizabibu, mwaka 1882 mafuriko makubwa yakaharibu mabonde, na watu wengi wakahama, wengine mpaka Brazil. Wakati ule Trentino ilikuwa chini ya Austria. Mfanyabiashara ndiye alikuwa na mizani, na deni ndilo lilimfunga mkulima. Munaijua hadisi hiyo, hatuna haja ya kuiongeza.

Mwaka 1890 padri mmoja wa kijijini, Lorenzo Guetti, aliunganisha watu wa Bleggio katika koperative ya kwanza ya Trentino. Miaka miwili nyuma akaanzisha sanduku la akiba na mkopo, ili mtu asikimbilie tena kwa mwenye kumnyonya. Kisha zikaja koperative za divai. Mwaka 1950 koperative hizo za divai zikaanza kuungana pale Trento katika chama kimoja, kinachoitwa leo Cavit. Nyuma yake kuna wakulima zaidi ya 4,000.

Sasa tufike kwenye mizani. Siku ya mavuno mkulima analeta zabibu zake kwenye koperative. Mzigo unapimwa mbele yake. Wanachukua maji kidogo ya zabibu na kupima sukari kwa chombo, kwa sababu sukari ndiyo itaonyesha nguvu ya divai, sawa vile sisi tunasema teneur ya kasiterite. Kilo na sukari vinaandikwa kwa jina lake. Baada ya hapo tu ndipo zabibu zinamwagwa pamoja na za wengine. Kwanza analipwa sehemu, na divai ikiuzwa anapewa yenye kubakia, kufuatana na ile maandiko. Tangu hapo wanaweza kuchanganya namna wanapenda: Teroldego kwa rangi nzito, Merlot kwa kulainisha. Zabibu imepotea ndani ya pipa. Jina la mwenyewe halikupotea.

Na hata chupa haiwezi kusema uongo ovyo. Sheria ya Ulaya inasema ukitaka kuandika jina la zabibu moja kwenye chupa, inapaswa kuwa angalau 85 kwa mia ya divai ile. Kama haifiki, unanyamaza, ao unaandika tu Rosso. Mzee wetu wa SOMINKI alipoelezwa hayo alisema, sawa, basi hao wanachanganya mbele ya macho.

Musifikiri ni mambo ya Ulaya tu. Jirani zetu wa Tanzania wanalima zabibu kule Dodoma, inchi kavu yenye vumbi, na ni wamisionere Wakatoliki walioipeleka miaka ya 1950. Hata zabibu za Trentino, Teroldego na Marzemino, zimepandwa kule. Wakulima wa Dodoma wako na shida ambayo sisi hatuna: zabibu ikivunwa haingoji, mun‌unuzi akichelewa inaoza. Kasiterite inaweza kulala nyumbani mwezi muzima. Ila njaa ya mtoto hailali, ndiyo maana tunauza siku ile ile, kwa bei ya mwenye kununua.

Kwetu hapa karatasi hazikosekani. Code minier, tangu ilipobadilishwa mwaka 2018, inataka kila mchimbaji wa mikono awe katika koperative yenye kukubaliwa. Sheria ya OHADA, ambayo inchi yetu inaifuata tangu 2012, inasema katika koperative kila mtu ana sauti moja, hata kama yeye ndiye mwenye mashine. Na gunia linafungwa etiketi. Lakini etiketi ile inasema gunia limetoka shimo gani na lina kilo ngapi. Haisemi katika kilo hizo ngapi ni za nani. Imetengenezwa kwa kumtuliza mwenye kununua kule ngambo. Mwenye kuchimba haimo. Na tuseme kweli, koperative zingine za kwetu ni za bwana mmoja na bibi yake na muhuri. Wachimbaji wanasikia tu jina lake.

Katika shimo moja wenzetu wameanza kufanya paka kitu kidogo. Walinunua kaye la kurasa mia. Mbele gunia halijafungwa, kila mmoja anapima yake, jina na kilo vinaandikwa, watu wawili wanatia sahihi, na mmoja wao asiwe ndugu ya meneja. Teneur bado hatuwezi kupima, chombo kile ni bei kali. Meneja alikasirika siku za kwanza, akasema tunamwita mwizi. Sasa amezoea, negosian akikata kilo, naye anatumia kaye lile kumpinga.

Shauri la yule mama halijaisha. Meneja amekubali kulipa kilo kumi, hesabu ya kichwani mwake mwenyewe. Mama amekataa: bwana yake alimwambia ishirini na tano, na wenzake watatu waliokuwa wanaosha pamoja naye wako tayari kusema mbele ya shefu. Tunaenda naye juma kesho.