Goti na Kano Zake Nne

Muhula huu, tukicheza mpira na bweni jirani, niligeuka ghafla kumkwepa mlinzi. Hakuna aliyenigusa. Njumu ilishika majani, mwili ukaenda kushoto, mguu ukabaki, nikasikia "pa!" ndani ya goti. Wenzangu walidhani natafuta penalti. Kabla ya chakula cha jioni goti lilikuwa limevimba kama papai. Sasa nakaa kando ya uwanja, basi nimeona heri niwaeleze wasomaji wenzangu niliyojifunza.

Mfupa wa paja hukaa juu ya mfupa wa muundi pasipo shimo la kuushika, si kama nyongani. Viuzuiavyo usiteleze ni misuli na kano nne: mbili za ubavuni, moja kila upande, na mbili za katikati zilizopishana kama herufi X. Ile ya mbele huzuia muundi usichomoke mbele wala usizunguke kupita kiasi. Hiyo ndiyo iliyochanika kwangu. Mara nyingi huchanika mtu asipogongwa na yeyote: ageukapo kwa kasi, au atuapo chini na goti likaingia ndani. Wachezaji wa netiboli wajihadhari, kwani wao husimama ghafla wakisha kudaka mpira, na wasichana huumia hivi kuliko wavulana.

Wengi hudhani kupanda Mlima Meru, wenye mita 4,566, ndiko kunakoumiza magoti. Sivyo, ni kushuka. Msuli wa paja hufanya kazi ya breki kila hatua, nao ukichoka, mzigo huangukia kiungo chenyewe. Akina mama washukao na mikungu ya ndizi kichwani wakati wa matope hawakufundishwa haya darasani, lakini watazameni: hatua fupi, goti limekunjwa kidogo.

Mzee John Stephen Akhwari wa Mbulu aliumia goti alipoanguka katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akamaliza wa 57, wa mwisho, mguu umefungwa bandeji. Twamheshimu sana. Nami siku ile nilitaka kumwiga, nikarudi uwanjani. Baada ya dakika kumi goti lilichomoka tena, na daktari asema huenda hapo ndipo nilipozidisha madhara.

Kano ile ya katikati haijiungi upesi kama mfupa. Nimeambiwa nifanye mazoezi ya misuli ya paja, nisicheze kwa miezi tisa au zaidi. Mtihani wa Kidato cha Nne ni Novemba. Jezi yangu nimemwachia kijana wa Kidato cha Pili.