Nyumba Zilindwe Pamoja na Majina Yake

Mwanafunzi wa Nkubu ukimwuliza gaaru ilikuwa nini, huenda akakujibu barabara: nyumba ya vijana waliotahiriwa, walimolala na kufunzwa ulinzi na adabu za Wameru. Mwulize kila sehemu ya nyumba hiyo iliitwaje, naye atanyamaza. Si kosa lake. Jina amelipata darasani. Nyumba yenyewe hakuikuta.

Twalihesabu jambo hili kuwa la historia peke yake, hali ni la lugha pia. Msamiati wa ujenzi hudumu maadamu majengo yanadumu. Tazama Lamu, ambako mji wa kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1986, kisha UNESCO ikautia katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2001. Nyumba zake za mawe ya matumbawe zingali na daka, msana na zidaka. Maneno hayo hayajawa mali ya kamusi tu, kwani fundi huyahitaji kazini na mtoto huyasikia nyumbani.

Huku Meru, jengo mashuhuri lililohifadhiwa ni lile lililokuwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya wa kikoloni, ambalo tangu mwaka 1974 ni makumbusho. Ni vyema lilindwe. Lakini je, ni haki kumbukumbu ya mtawala idumu kwa kuwa ilijengwa kwa mawe, na ya mtawaliwa ipotee kwa kuwa ilijengwa kwa miti, udongo na nyasi?

Wapo watakaosema kuwa nyasi haihifadhiki. Wamijikenda wamekwisha kuwajibu. Kaya zao za msituni, ambazo nyumba zake nyingi zilikwisha kuoza, ziliingia katika orodha hiyo hiyo mwaka 2008, kwa kuwa wazee walitunza mahali, miiko na maarifa. Sheria yetu ya turathi ya mwaka 2006 nayo humruhusu Waziri kutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba jengo, au eneo zima, lilindwe. Haikusema ni lazima liwe la mawe.

Mimi nifundishaye isimu nawaomba walimu wa Nkubu jambo moja. Wakati wa likizo, watumeni wanafunzi kwa wazee, wachore ramani ya gaaru na kuandika jina la kila sehemu kwa Kimeru. Michoro hiyo ipelekwe makumbusho na kwa serikali ya kaunti, iwe msingi wa kudai hifadhi. Wahenga walituonya tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Sisi ukuta umekwisha kuanguka, na wanaojua ulivyojengwa wanazidi kupungua.